Niligeuka Getini

Barua za wasomaji na majibu

Mwezi huu nimepokea barua nyingi za watu walioacha tiba njiani, na chache za wale waliobaki wakiwasubiri. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu. Mwenyewe ameridhia itoke, nami nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha.

*

Mama, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 34. Miaka sita iliyopita nilivamiwa usiku nikiwa nyumbani peke yangu. Zaidi ya hapo sitaki kueleza. Mwaka jana nilijikaza nikaenda kliniki ya afya ya akili ya jamii, nikapangiwa mshauri, binti mpole sana. Vikao viwili vya mwanzo vilikuwa vya kujaza fomu na kuzungumza juujuu. Cha tatu akaniambia tuanze kuusimulia usiku ule, taratibu. Nikasimulia kidogo. Nilipolala, jinamizi lililokuwa limenipumzisha miezi mingi likarudi kwa nguvu mpya. Siku ya kikao cha nne nilifika mpaka getini, nikageuka. Alinipigia mara mbili, sikupokea. Sasa ni miezi saba. Dada yangu anasema sikutaka kupona. Ni kweli? Na nikirudi, nitamtazamaje yule binti usoni?

Niliyegeuka Getini

Marahaba, mwanangu. Tuanze na dada yako, maana naona neno lake limekuchoma kuliko hata hilo jinamizi. Amekosea. Simlaumu sana, hata sisi wenye vyeti ukutani tumelisema neno hilo miaka mingi, tena kwa lugha ya kitaalamu.

Kukwepa ndio ugonjwa wenyewe. Maradhi yanayomfuata mtu baada ya kiwewe yaliingia kwenye orodha rasmi ya magonjwa ya akili ya wataalamu wa Marekani mwaka 1980, na tangu orodha hiyo ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2013, mtu hahesabiwi kuwa nayo kama hana dalili ya kukwepa: akwepe kumbukumbu zenyewe, au mahali, watu na mazungumzo yanayozikumbusha. Sasa itazame tiba tunayokupa. Tunamchukua mtu ambaye maradhi yake ni kuikimbia kumbukumbu, tunamwambia aje kila wiki, saa ileile, akae nayo uso kwa uso. Asipokuja tunashangaa. Ni kumgombeza mwenye homa kwa sababu anatetemeka.

Turudi pale getini. Hukuandika ulijisikiaje baada ya kugeuka, ila nadhani naweza kukisia. Hatua za kwanza ulitembea upesi upesi. Kisha mabega yakashuka, pumzi ikarudi, ukawa kama mtu aliyetua gunia. Aibu ilikuja baadaye, pengine ulipokuwa unafungua mlango wa kwako. Ile nafuu ya njiani ndiyo mtego. Mwili hujifunza haraka: geti lile ni hatari, kugeuka ni salama. Na kila simu unayoiacha ilie mpaka ikatike inaukaririsha mwili somo hilohilo. Ndiyo maana kurudi mwezi wa saba ni kugumu kuliko mwezi wa kwanza, ingawa geti ni lilelile na binti mpole ni yuleyule.

Wala hukugeuka peke yako. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2020 ulikusanya majaribio 115 ya tiba ya mazungumzo kwa watu wazima wenye maradhi haya, ukaona kwamba kwa wastani watu 16 katika kila 100 waliacha kabla ya kumaliza. Majaribio mengi huwa na watafiti wa kufuatilia na ratiba isiyoguswa. Ukisogea karibu na huduma za kila siku, hesabu hupanda. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia wanajeshi wa zamani 916 katika vituo vinavyowatibu. Waligawanywa kwenye tiba mbili zenye sifa kubwa: ile ya kusimulia tukio tena na tena mpaka lipungue makali, na ile ya kuchambua mawazo yaliyoota mizizi baada ya tukio, kama “ningekagua komeo yasingenipata.” Kwenye ile ya kusimulia, zaidi ya nusu hawakumaliza. Kwenye ile ya kuchambua mawazo, karibu nusu. Hao ni watu waliofunzwa kusimama mbele ya risasi. Msomee dada yako aya hii.

Sasa jinamizi, na hapa nina neno na mshauri wako. Kumbukumbu iliyofungiwa muda mrefu ikiguswa, baadhi ya watu hupata siku kadhaa mbaya: ndoto, kushtuka, hasira isiyo na mwenyewe. Si wengi, lakini wapo. Edna Foa, mwanasaikolojia aliyeiunda ile tiba ya kusimulia, alilichunguza jambo hili na wenzake katika utafiti wa mwaka 2002. Waliopandwa na dalili mwanzoni hawakuishia pabaya kuliko wengine, wala hawakuacha tiba kuliko wengine. Kwa hiyo usiku ule wa jinamizi haukukuharibu. Ila wewe ungejuaje? Anayeng'olewa jino huambiwa kabla hajatoka kitini kwamba ganzi ikiisha litauma, na afanye nini likiuma. Wewe muda wa kikao ulikwisha, ukaagwa vizuri, ukaenda kulala na usiku wako peke yako. Ungeambiwa tu, “Huenda wiki hii ndoto zikarudi, zikirudi, washa taa, kaa, taja vitu vitano unavyoviona chumbani, na asubuhi nipigie,” huenda jinamizi lisingekutisha vile.

Unauliza utamtazamaje usoni. Kwanza, si lazima uanze na uso. Tuma ujumbe, tena mfupi: “Mimi ni yule niliyeacha kuja. Nataka kurudi, ila kwanza tuzungumze kilichonifanya nigeuke.” Usiombe msamaha mara tatu. Usijieleze kwenye simu. Na ukifika, kikao chote cha kwanza kiwe juu ya geti tu. Huko si kupoteza muda. Mara ya kwanza mteja anaponiambia ana kwa ana kwamba alitaka kunikimbia, najua kazi imeanza, kwa sababu amekaa na jambo la kutisha kwa dakika kumi na hakufa.

Pili, muulize njia nyingine zilizopo. Watu hudhani tiba ya kiwewe ni moja: kueleza yote, kwa kinywa, mpaka ulie. Ile ya kuchambua mawazo inaweza kufanywa bila kusimulia tukio kwa undani hata kidogo. Ipo pia ya kuandika, ya vikao vitano tu: mtu huandika tukio lake kwa dakika 30 mlemle chumbani, kisha hukaa kidogo na mshauri kuzungumzia ilivyokuwa kuliandika. Mwaka 2018 mwanasaikolojia Denise Sloan na wenzake waliilinganisha na ile ya kuchambua mawazo, yenye vikao 12, kwa watu 126. Ile fupi haikupitwa kwa nafuu. Ila walioiacha njiani walikuwa kama 6 katika 100, na walioacha ile ndefu karibu 40. Si kila kliniki inayo, lakini swali halina gharama.

Tatu, unaruhusiwa kutaka mtu mwingine. Upole hautoshi kila mara. Wapo wanaohitaji mshauri mkavu kidogo, asiyelia nao. Ukitaka kubadilishiwa, sema. Mshauri anayenuna kwa hilo atakuwa amekujibu mwenyewe.

Kuna wataalamu watakaokuambia usiguse tukio lolote mpaka uwe umetulia kabisa, na wengine watakaosema kutulia huko hakufiki kama hujaligusa. Ubishi huo ni wa siku nyingi na watu wazito wako pande zote mbili. Mimi nimeona wengi mno wakiwekwa barazani mwaka mzima wakifundishwa kuvuta pumzi, mpaka wakachoka na baraza. Wiki chache za kujifunza kujituliza zinatosha wengi. Wewe ulipata ngapi? Kwa barua yako, hakuna hata moja.

*

Mama, habari za kazi. Mke wangu alipata ajali mbaya ambayo abiria wenzake walifariki. Alikwenda kwa mshauri mara tano kisha akasema basi, amepona. Mimi siamini. Bado hapendi kuzungumzia ajali. Nimlazimishe arudi?

Mume Mwenye Wasiwasi

Nzuri, ndugu yangu. Usimlazimishe. Na kabla hujakataa kwamba amepona, fikiria kwamba huenda anasema kweli. Si kila anayeacha mapema ameshindwa. Wapo wanaoacha kwa sababu wamepata walichokifuata. Sisi washauri hatupendi kulikubali hilo, maana idadi ya vikao imeandikwa kwenye mwongozo na mteja hajausoma.

Acha kupima kwa kuzungumzia ajali. Watu wengi wazima wa afya hawapendi kuzungumzia ajali. Tazama maisha: Analala? Anapanda gari bila kupanga siku nzima kuizunguka safari hiyo? Anacheka kitu kikichekesha? Kama majibu ni ndiyo, mwache, ila ajue mlango uko wazi. Kama amejifungia, ameacha kazi, au analewa ili alale, hapo mna jambo la kuzungumza wawili, jioni moja tulivu, bila kumtaja mshauri kwenye sentensi ya kwanza. Akitamka kwamba anatamani kufa, hiyo haina jioni ya kusubiri. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo na usimwache peke yake.

Halafu nikuulize ambalo hukuniuliza. Siku za kikao, nani alikuwa anabaki na watoto? Nani alikuwa anajua kwamba siku ile jioni mke wako atarudi nyumbani kama nguo iliyokamuliwa, na kwamba asiulizwe chochote mpaka asubuhi? Wanawake kadhaa wameniambia “nimepona” ilhali maana yake ilikuwa “nimechoka kuomba ruhusa.” Sisemi ni wako. Nasema muulize.

*

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mshauri nasaha, mwaka wa tatu kazini, kituo cha jamii. Katika wateja kumi wa kiwewe ninaopewa, wanaofika kikao cha sita ni wawili, au watatu nikibahatika. Msimamizi wangu anasema wateja wetu “hawako tayari.” Nimeanza kuamini kwamba sifai.

Mshauri Anayehesabu

Marahaba, mwenzangu. Hilo “hawako tayari” nalijua. Nililiandika kwenye mafaili kwa miaka, kwa mwandiko mzuri. Linapendeza kwa sababu linafunga faili na halimgusi aliyeliandika.

Nikupe la kwangu. Chumba changu cha kwanza kilikuwa na viti viwili. Kimoja kilitazama mlango, na hicho nilikikalia mimi, kwa kuwa saa ya ukutani ilikuwa juu ya mlango na nilipenda kuichungulia bila mteja kugundua. Kwa hiyo mteja aliupa mlango mgongo. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja mara tatu. Kila viatu vilipopita ukumbini alinyamaza katikati ya neno, akasubiri vipite, akaendelea. Nikaandika: “umakini hafifu.” Mara ya nne hakuja. Nikaandika, umeshajua: “hayuko tayari.” Wiki nyingi baadaye nilimpigia, na sikumpigia kwa wema, nilitakiwa kuifunga faili. Nikamuuliza kama angependa kurudi. Akanyamaza kidogo, akasema, “Nitakaa kiti gani?” Nilidhani sijamsikia vizuri. Akarudia: “Kiti gani?”

Nilihamisha saa siku ileile, na tangu hapo mteja ndiye anayechagua kiti. Yeye hakurudi.

Kwa hiyo sitakuambia unafaa au hufai. Hilo siwezi kulijua kwa barua. Nitakuambia uhesabu upya. Hesabu yako inaanzia kikao cha sita kurudi nyuma, kana kwamba wote walikukimbia wewe. Anza mwanzo. Wangapi walijiandikisha na hawakufika hata kikao cha kwanza? Walisubiri wiki ngapi? Kabla hajafika kwako, mteja amelisimulia tukio mara ngapi: kwa wa mapokezi, kwa muuguzi wa tathmini, kwa daktari, kisha kwako? Kituo nilichofanyia kazi muda mrefu zaidi kilikuwa na vinywa vinne vya kuuliza swali lilelile, na wa nne alikuwa mimi, nikitabasamu na kalamu mkononi. Yule wa mapokezi aliita majina kwa sauti, akiongeza na namba ya chumba, na kila mtu kwenye benchi alijua namba ile ni ya nini. Hakuna mbinu ya tiba inayoweza kufidia hilo.

Tazama pia saa yenyewe. Tiba ya kusimulia iliundwa kwa vikao vya dakika 90, kwa makusudi, ili hofu ipande na ipate nafasi ya kushuka mtu akiwa bado kitini. Vituo vingi hutoa dakika 45. Unafanya nini? Unafungua jeraha dakika ya 20, hofu inafika kileleni dakika ya 40, na mteja mwingine anabisha hodi. Huyo uliyemtoa amejifunza kwamba kusimulia ni kupanda bila kushuka. Ningekuwa wewe, ningembana msimamizi anipe nafasi mbili zilizoungana kwa mteja mmoja, hata kama nitaonekana nimehudumia wachache. Na kama hazipatikani, ningechagua tiba inayoenea kwenye dakika nilizo nazo badala ya kukata ile kubwa katikati kama kitambaa.

Nafasi kati ya kikao na kikao nayo ni adui. Msongamano ukisukuma kikao cha wiki kiwe cha mwezi, ile nafuu ya kukwepa inapata siku thelathini za kufanya kazi yake. Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2018, kwa wanajeshi wa Marekani, ambamo vikao kumi vya kusimulia vilibanwa ndani ya wiki mbili badala ya nane. Matokeo hayakuwa mabaya kuliko yale ya kuvitawanya. Sitarajii kituo chako kiweze hivyo. Nakuonyesha tu upande ambao upepo unavuma.

Kisha kuna lile lisiloandikwa kwenye ripoti: nasi tunakwepa. Mteja anasogea karibu na jambo lenyewe, sauti inashuka, na mshauri anauliza, “Na usingizi ukoje siku hizi?” Nimefanya hivyo. Nilikuwa nimeshasikia mengi wiki ile na sikutaka lingine. Mteja huelewa mara moja kwamba hata huyu, aliyesomea, hawezi kulibeba. Hatagombana nawe. Wiki ijayo hatakuja, nawe utaandika lile neno. Je, una mtu wa kumpelekea unayoyasikia? Msimamizi anayesema “hawako tayari” sidhani kama ndiye. Tafuta mwenzako mmoja, hata wa kituo kingine, mkutane kila baada ya wiki mbili, mlango umefungwa, bila kutaja majina ya wateja.

Mambo mawili madogo ya kufanya kuanzia kesho. Kikao cha kwanza, kabla ya fomu, mwambie mteja: “Siku moja utatamani kuacha kuja. Karibu kila mtu hutamani. Ikifika, niambie, tutaizungumza hiyo siku badala ya jambo lingine lolote.” Lisemwe kwa uso wa kawaida, kama unavyomwonyesha choo kiko wapi. La pili, asiyetokea apigiwe siku hiyohiyo, na simu isiwe na swali la “kwa nini.” Sema umeona kiti chake kiko wazi, saa yake wiki ijayo bado ipo, basi. Asipopokea, tuma maneno hayohayo. Kisha uache; simu ya tano huanza kufanana na kuvamiwa.

Na nunua daftari la kawaida, lisilo la ofisi. Kila anayeacha, andika kikao alichoishia, dakika ngapi alipewa, alisubiri siku ngapi, na sentensi ya mwisho aliyoisema akiwa anainuka. Hiyo ya mwisho usiisahau; mara nyingi ndiyo yenye kiti ndani yake. Usiandike sababu. Baada ya miezi mitatu niandikie tena, uninakilie kurasa za wale walioishia kikao cha kwanza na cha pili, bila majina. Nataka kuanza na hao.